Mfano wa Nguchiro

Mwalimu Korongo alijiona bingwa wa kompyuta. Mara mbili alikuwa amelikataa bango la mwanafunzi wake Nguchiro kuhusu utapeli wa mtandaoni. "Halina mfano," alisema. "Ukishindwa na leo, kwenye maonyesho ya wazazi humo."

Nguchiro hakuwa mtu wa kukata tamaa. Aliandika upya, kwa herufi nyekundu: "Usitumie neno la siri la kijinga, kama SAMAKI123."

Korongo alipolisoma, alimgeukia Nguchiro. "We kijana, neno hili umelipata wapi?"

"Nimelibuni, mwalimu. Nilitafuta ambalo hata tapeli mvivu angelikisia."

"Nani mwingine kaliona?"

"Darasa zima, mwalimu."

Chura akauliza kutoka nyuma, "Samahani mwalimu, kwani ni lako?"

Korongo alitoka mbio kuelekea kwenye kompyuta yake, na kicheko kikamfuata hadi ofisini. Aliporudi, alitangaza kwamba bango limepita. Kisha akamwinamia Nguchiro sikioni.

"Tengeneza na la pili," alinong'ona. "La ofisi ya walimu. Na lile neno liache vilevile, wenzangu wanaolitumia nao walione."