Mgeni Rasmi Hajaona

Khole aligusa ukuta wa bwawa kabla ya wasichana wenzake wote, na babu yake aliliona hilo kwa macho yake. Waamuzi hawakuona. Walikuwa wameyapa maji mgongo, wanampigia makofi mgeni rasmi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anashuka garini, na watu wanamngoja tangu asubuhi.

"Mtarudia," mwalimu wa michezo akatangaza. "Mgeni rasmi hajaona."

"Mjukuu wangu kashinda, mwalimu," babu akasema.

"Shikamoo mzee. Ndiyo utaratibu."

"Marahaba. Hata ng'ombe wa Igunga hawanyweshwi mara mbili eti kwa sababu tajiri kachelewa."

Mwalimu akacheka, akaenda zake kutafuta soda ya mgeni.

Khole alikuwa anatetemeka, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa nzima. Mshindi peke yake ndiye angekwenda Dodoma kuogelea kwa ajili ya mkoa, naye nguvu za miguu zilikuwa zimemwisha. Hata hivyo akajikokota mpaka ukingoni, akajipanga na wenzake.

Wasichana wakamtazama vile vidole. Kisha wakatazamana.

Filimbi ikalia. Hakuna aliyeruka.

Chini ya turubai, mgeni rasmi, macho kwenye soda yake, akapiga makofi.