Muhuri wa Zambarau

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mkaguzi wa nyama alipasua moyo wa ng'ombe akakuta punje nyeupe, kubwa kuliko za mchele. Alipopasua misuli ya taya, akakuta nyingine. Kwa kanuni, ng'ombe mzima alipaswa kufukiwa.

Mwenye ng'ombe alikuwa mdogo wake, mwenye bucha. Alichungulia.

"Kaka, hayo ni mafuta tu."

"Ni minyoo."

"Wewe nyama umeacha mwaka wa sita huu. Wanaokula wanakuwasha nini? Tumbo ni la mtu mwenyewe. Si ndivyo unavyotuambia?"

Ndivyo alivyowaambia, kila ndugu zake walipomsema kwa sahani yake isiyo na nyama. Alipiga muhuri wa nyama salama mapajani na mabegani, na wino wa zambarau ukambakia kwenye kidole gumba.

Mdogo wake alikata kipande cha paja, akakifunga kwenye gazeti.

"Mpelekee mama. Asikipike sana, kitakuwa kigumu."

Saa saba mchana mama aliandaa meza: maharage ya mwanawe, na nyama yake mwenyewe, katikati bado nyekundu.

"Mama, leo ungekula maharage."

"Mimi nimekukataza maharage yako?" Mama alivuta sahani yake karibu. "Au nyama ina kitu?"

Mkaguzi alikificha kidole gumba ndani ya kiganja.

"Haina kitu, mama."

Mama akatia kipande cha kwanza kinywani.