Kiwanja Kilichokataa

Wafu wa ukoo wa mkewe, Tatu, hawakutaka Kassimu ajenge. Walikuwa wamekataa mara mbili, na ya tatu ndiyo ingekuwa ya mwisho.

Mara zote mbili ilikuwa vilevile. Jioni Hemedi, kaka yake Tatu na mkubwa wa ukoo, alimimina unga wa mtama pale ambapo mlango ungekaa, ukasimama kama kichuguu kidogo cheupe. Ukilala salama hadi asubuhi, wazee waliozikwa hapo Msimbati wamekubali nyumba. Ukivurugika, wamekataa. Kuku walifungiwa, mbuzi wakafungwa kamba. Asubuhi unga ulikutwa umesambaa kama uliopigwa teke.

"Shemeji, umewakosea nini wazee wetu?" Hemedi alimuuliza mbele ya watu. "Au huko Botswana ulikula nguruwe?"

"Nilikula ng'ombe, shemeji. Huko hata mboga ni ng'ombe."

Watu walicheka. Kassimu hakucheka. Alikuwa mtu wa Tanga, ametengeneza malori ya watu Gaborone miaka ishirini na minane, na sasa amestaafu, ana miaka sitini na saba na presha. Mtoto hawakujaliwa. Alijua atatangulia yeye, na hakutaka Tatu, akishakuwa mjane, ahesabiwe siku na mwenye nyumba. Alitaka kumwachia nyumba kwenye ardhi ya mama yake, katikati ya ndugu zake, mahali ambapo hakuna wa kumwambia hama.

Tatu mwenyewe alitaka wapange mjini.

"Vyumba viwili Chikongola vinatutosha, mwenzangu. Soko lipo, hospitali ipo. Au nunua kakiwanja hukohuko, kenye jina lako."

"Jina langu la nini? Mimi nitalala udongoni, wewe utalala ndani."

"Foleni hiyo anaipanga Mungu."

Hata Hemedi hakumficha. "Hapa kwetu ardhi inafuata tumbo la mama, shemeji. Ukijenga, umemjengea dada na sisi ndugu zake. Akitangulia yeye, wewe ni mgeni tu, tunakusindikiza barabarani." Alisema kwa utani, na Kassimu akaupokea kwa utani. Tatu alikuwa mdogo kwake kwa miaka tisa, na hajawahi kulazwa hata siku moja.

Alfajiri ya mara ya tatu, Kassimu alimtangulia Hemedi kiwanjani. Unga ulikuwa umesambaa. Safari hii hata mchanga ulikuwa umekwaruzwa, kama kwamba aliyekataa alikataa kwa hasira. Alisimama pale mpaka akasikia jogoo wa pili, kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kusikia mtu amelifanya. Alirudi uani kwa Hemedi, walikofikia, akachota konzi mbili za unga jikoni. Akapiga magoti, akafagia ule uliomwagika kwa viganja, akausimamisha mpya ukawa kichuguu.

Hemedi alipofika alipiga ukelele. "Wamekubali!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Tatu hakupiga. Aliutazama ule unga, akakaa mchangani kama mtu aliyesukumwa. Tangu siku hiyo hakuitaja tena Chikongola.

Nyumba ilipanda, na wafu wakaanza kulipiza.

Kulipokaribia kucha, Kassimu alikuwa akisikia mguno nyuma ya ukuta, chini chini, kama wa mtu aliyejiziba mdomo kwa kanga. Akitoka anamkuta Tatu peke yake, ameshika nguzo ya uani.

"Hata mimi nimeusikia," Tatu husema.

Pete ya Tatu ilianza kumchezea kidoleni, kisha ikapotelea kwenye beseni la kufulia. Mashavu yakaingia ndani. Kassimu akaelewa mambo yalivyo: aliyedanganya ni yeye, lakini wazee walikuwa wanamla mkewe. Kila tofali lililopanda ukutani aliliona limetoka mwilini mwa Tatu. Alimwomba waende hospitali, akajibiwa kwamba uzee hauna sindano. Mara mbili aliwasimamisha mafundi, akasema anabomoa. Mara zote mbili Tatu alimzuia.

"Wazee walishasema, mwenzangu. Malizia."

Alimalizia. Walihamia Oktoba, na wiki ya pili Tatu hakuinuka tena kitandani. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba godoro halikubonyea. Kassimu alikaa ukingoni, akamshika mkono, akaungama.

"Tatu, nisamehe. Wazee hawakukubali. Unga wa mara ya tatu niliukuta umevurugwa, nikausimamisha kwa mikono yangu. Kosa langu ndilo wanalokuadhibia wewe."

Tatu alimgeukia.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Niliuvuruga mimi, nikadhani ni wao waliousimamisha. Ningejua ni wewe, ningetoka nikauvuruga tena."

Akavuta shuka hadi kifuani.

"Daktari wa Gaborone alinipa mwaka mmoja, kabla hatujafunga mizigo."

Mwaka wenyewe waliutumia hivi: mwezi mmoja kwenye unga, miezi tisa kwenye ujenzi, mwezi mmoja kungoja rangi ikauke. Ndani ya nyumba walilala siku kumi na tisa. Arobaini ilipokwisha, Kassimu alimkabidhi Hemedi vyumba vinne, milango saba na bati tisini na mbili.