Kola ya Jeki

Ndekirwa aliuosha mkono wa Siael, mwanawe, kwa sabuni na maji ya bomba mpaka yakatiririka meupe, akampeleka zahanati pamoja na Jeki, mbwa aliyemng'ata. Siku hizi kola ya mbwa husema yaliyo moyoni mwake, na nesi humhoji mbwa kwanza.

“Nina kidonda sikioni. Mtoto akalivuta,” kola ikasema taratibu. “Nikanguruma, nikamtazama mama. Alikuwa anaturekodi kwa simu, anacheka. Nikanguruma tena.”

“Mbwa mwongo huyu!” Ndekirwa akafoka.

Nesi akamdunga mtoto chanjo. Kisha akauliza, “Mtoto ameshaanza kusema?”

“Bado.”

“Basi zimekuja kola ndogo, mama Siael. Tumsikie na yeye.”

Ndekirwa akamkumbatia mwanawe, kiganja chake kikaifunika ile shingo yote.