Kichwa cha Tasi

Siku ya mwisho ya mapumziko yake ya pwani, Sikudhani hakwenda kokote. Alikaa kwenye benchi la Mama Kidawa, muuza chakula wa ufukweni, miguu imezama mchangani, akiitazama bahari kama mtu anayetazama shamba lake. Kwao walisema peke yake hatamaliza siku mbili. Kesho anarudi, na wiki imekwisha.

Mama Kidawa akamletea wali na tasi mzima wa kupaka, aliyechomwa na kupakwa tui la nazi. Sikudhani akanawa, akakata kichwa cha samaki, akakiweka pembeni ya sahani, akaanzia mkiani. Paka akasogea chini ya benchi. Wiki nzima kichwa kilikuwa kinaishia kwake.

"Dada, hicho kichwa kila siku unamwekea nani?" Mama Kidawa akauliza.

Sikudhani akakitazama kichwa. "Kwetu kichwa ni cha baba. Nilipoolewa kikawa cha mume. Mume akafa, kikawa cha kijana wangu mkubwa."

"Na huku baba ndiye huyo paka?"

Wakacheka mpaka Sikudhani akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha akakirudisha kichwa katikati ya sahani, akakivunja, akaanza na shavu. Akafyonza mifupa polepole, bila haya, mgongo umenyooka.

"Kumbe walikuwa wanafaidi," akasema.

"Na kesho ukifika kwako, itakuwaje?"

Sikudhani akageuza vipande vya kichwa. Alikuwa anatafuta jicho la pili. Miguuni pake paka alikuwa ameinua uso, anamtazama kama mgeni aliyepiga hodi akakuta wenyeji wamehama.