Mfano Mwema

Tangu Tunu atimize miaka kumi na mitatu, mama yake Mwanahamisi alivaa kamera kifuani kwa amri ya serikali, ili binti amwone mzazi wake kazini na kuiga mfano mwema. Jioni moja Tunu alirudi kutoka shuleni shavu limevimba.

“Nani kakupiga?”

“Mvulana wa darasani. Nimefanya kama wewe, mama, bosi alipokusukuma juzi. Nimemwomba radhi, nikatabasamu.”

Mwanahamisi alitaka kumkataza asirudie tena. Lakini kesho asubuhi angesimama tena mbele ya bosi yuleyule, Tunu akitazama kupitia kamera, na kazi nyingine hakuwa nayo. Akamkanda shavu kwa kitambaa cha maji baridi.

“Umefanya vizuri, mwanangu,” akajisikia akisema.