Mkono wa Baba Shamte

Kila tela, nyumba ya magurudumu, iliujua mkono mmoja tu. Mwenye mkono huo asipoikagua mwenyewe, akapapasa tairi, akajaribu taa, akafunga cheni ya kuiunga na trekta, magurudumu yalijikaza, isiende kokote. Asumini aliambiwa siku ya kuisajili yao kwamba mkono huo unaweza kuwa wake. Akacheka. Alikuwa bibi harusi. Grisi na hina wapi na wapi?

Sasa mto Rufiji ulikuwa umefika kwenye migomba. Majirani walikwisha kuzikokota nyumba zao hadi mlimani. Ya kwao ilibaki, magodoro na kuku ndani.

"Baba Shamte, anza na tairi," alimwambia mumewe, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto ale.

Mzee akapapasa tairi. Akajaribu taa, zikawaka zote. Akili ilikuwa imemtoka siku nyingi, lakini mikono ilikuwa bado na kumbukumbu zake. Ilibaki cheni. Asumini akamwekea kiganjani, akamkunja vidole kimoja kimoja. Magurudumu yakabaki yamejikaza; mkono wa kushikiwa tela haikuukubali.

"Funga, mume wangu. Maji hayo yanakuja."

Mzee akaitazama cheni, akaitazama tela walimozaliwa watoto wake wote. Akaiweka cheni chini taratibu, akajipangusa mikono kwenye shati.

"Tusiguse vya watu, mama," alisema kwa adabu. "Mwenyewe akija tutamwambia nini?"